Nairobi sio ya ofisi na hospitali tu: wikendi ya ukumbini na shangazi

Sisi watu wa Pwani tukisikia mtu anaenda Nairobi swali la kwanza ni "kuna nini?" manake tumezoea kwamba Nairobi mtu haendi hivi hivi, anaenda kufuata pasipoti, au daktari bingwa, au mzigo wa duka, au kuna mazishi, halafu akimaliza shughuli yake anarudi na basi la usiku akilalamika baridi na jam. Mimi nataka niwaambie mji ule una haki ya kutembelewa kwa raha yake, na kama hujui uanzie wapi basi anza na mchezo wa kuigiza. Kata tiketi ya ukumbini kwanza, halafu hayo mengine yote ya kula na kutembea uyapange kuuzunguka mchezo. Hivyo ndivyo tulivyofanya mimi na shangazi yangu na bado nina mengi kichwani ndio maana naandika.

Shangazi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Amefundisha tamthilia maisha yake yote, za Kitanzania na za Kikenya, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein anaijua karibu yote kwa moyo, juzi juzi kabla hajastaafu alikuwa na Kigogo na Bembea ya Maisha darasani, na miaka nenda miaka rudi alikuwa anafundisha watoto wa shule kwa ajili ya tamasha za drama. Lakini kuketi kwenye kiti ndani ya ukumbi wa kweli, taa zizimwe, waigizaji wazima ambao hiyo ndiyo kazi yao watoke jukwaani, hilo hajawahi. Aliponiambia nilishtuka. Nikasema basi shangazi, hii safari ni yako.

Tuliondoka na treni ya asubuhi ile ya saa mbili kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa. Nashauri sana hiyo kwa mtu anayetaka kuona nchi, sababu ndiyo inayosimama stesheni za katikati, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na wenzao, ile ya saa tisa mchana inakwenda moja kwa moja na ukifika Nairobi giza limeshaingia. Fika mapema manake ukaguzi ni mrefu, mnapanga mabegi chini kwenye mstari mbwa anapita kunusa, kisha mashine, kisha kitambulisho, kisha mashine tena. Ukishaketi umestarehe. Ukipita Tsavo weka simu chini uangalie nje, ndovu wa pale wamejipaka ule udongo mwekundu mpaka wamekuwa rangi ya matofali, na shangazi ambaye amepita barabara hiyo kwa basi la usiku miaka yote hakuwahi kuwaona hata mmoja. Siku hiyo tuliona kundi zima na watoto wao karibu na reli.

Mwisho wa safari, stesheni ya Syokimau nje ya mji, unashuka, halafu kuna treni nyingine ndogo inayokungoja inakupeleka mpaka stesheni ya zamani mjini, ichukue hiyo, usipoteze pesa na muda kwenye teksi saa za jam. Na tafadhali bebeni sweta. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, sisi tuliozaliwa na jasho mwezi wa saba kule tunatetemeka kabisa, shangazi alitembea na leso mbili juu ya baibui na bado akawa anaomba chai kila kona.

Sasa ukumbi. Kenya National Theatre iko barabara ya Harry Thuku, upande mmoja una Chuo Kikuu cha Nairobi na ng'ambo ya barabara una hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa 1904. Mnaona pale paliposimama? Hilo eneo peke yake lina historia ya kumtosha mtu mchana mzima. Machi 1922 watu walikusanyika hapo karibu kwenye kituo cha polisi kudai Harry Thuku, mtetezi wa haki aliyekuwa amekamatwa na wakoloni, aachiliwe, mwanamke mmoja Muthoni Nyanjiru akawa mstari wa mbele kuwachochea wanaume wasirudi nyuma, wakapigwa risasi, na yeye akafa hapo, na imeandikwa kwamba hata walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walifyatua. Miaka 30 baadaye, Novemba 1952, ukumbi wa taifa unafunguliwa hapo hapo, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 20. Yaani nchi inawaka moto, watu wanatiwa kambini, na hapo watu wanavaa vizuri wanaenda kutazama michezo ya Kiingereza.

Na hata baada ya uhuru haikubadilika upesi. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipotaka mchezo wao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, uchezwe hapo, ilikuwa ni kuvutana kupata siku, wakati makundi ya kigeni yana nafasi zao. Mwishowe ukachezwa Oktoba ile, usiku chache tu, na inasimuliwa kwamba mwisho wa mchezo watazamaji waliinuka wakaimba na kucheza pamoja na waigizaji mpaka nje barabarani. Mchezo huo pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga ndiyo iliyoiwakilisha Kenya kwenye tamasha kubwa la sanaa la Lagos, FESTAC, 1977. Shangazi anayo ile tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, kitabu kimechanika jalada lakini hakitoi kwa mtu. Tulipofika nje ya jengo akasimama kidogo akaniambia "mwanangu, hapa ndipo walipotokea wakiimba," akawa anaangalia lango na ile barabara ya mbele. Sikumharakisha.

Jengo lenyewe lilikarabatiwa likafunguliwa upya 2015 na lipo vizuri, viti vizuri, sauti inasikika hata ukikaa nyuma. Kuna ukumbi mkubwa na kuna ule unaoitwa Ukumbi Mdogo ambao makundi machanga hupenda kuutumia. Michezo mingi Nairobi huchezwa wikendi, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, mara nyingi kuna onyesho la mchana na la jioni, na sio hapo tu, Alliance Française pia hapo mjini wana jukwaa zuri na mambo mengi. Tiketi siku hizi unakata kwa simu unalipa na M-Pesa, au unalipia mlangoni kama bado ziko.

Tuliouona sisi ulikuwa mchezo wa familia, ndugu watatu wamekuja nyumbani kwa baba yao mwenye ploti nje ya mji, mzee amepigwa na kiharusi hawezi kusema, na wao wanagombania ile ploti mbele yake kana kwamba hayupo. Lugha ni Kiswahili cha Nairobi, Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana, nyingi ndani, Kiingereza kidogo yule ndugu mwenye pesa anapotaka kuwanyamazisha wenzake. Watu walicheka mpaka mama mmoja mbele yetu akawa anajipangusa machozi na mtandio. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa yule mwigizaji aliyecheza mzee. Saa nzima na zaidi ameketi kwenye kiti cha plastiki, hana hata neno moja la kusema, mkono wake wa kulia umelala kwenye paja umepinda vidole. Ndugu wakubwa wakitukanana vile vidole vinatetemeka kidogo tu, ukiwa hutazami hutaona. Yule binti mdogo akija kumpangusa mdomo vinatulia. Basi sisi tuliokaa upande ule tukaanza kuvifuata vile vidole kuliko hata maneno, na ilipofika pahali karatasi ya kuuza ploti inaletwa na kalamu inatiwa kwenye mkono huo huo, wallahi ukumbi mzima ulinyamaza, halafu mtu mmoja nyuma akapiga kelele "mzee usitie sahihi!" na ukumbi wote ukamuitikia.

Hicho ndicho kitu ambacho runinga na simu haviwezi kukupa. Mwigizaji alisikia ile kelele, nina hakika alisikia, manake alingoja. Aliiacha sauti yetu iishe ndio akaiangusha kalamu. Kesho yake akicheza tena watu wengine watapiga kelele pahali pengine na yeye atangoja hapo. Shangazi alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu, na taa zilipowaka akaniambia maisha yake yote amewafundisha wanafunzi waandike "mbinu ya kimya" kwenye karatasi ya mtihani, alama mbili, na leo ndio ameiona inavyofanya kazi kwa watu mia kadhaa kwa mpigo. Alitaka kwenda kumshika mkono yule kijana (ni kijana kweli, mvi zote za kupaka), na tukaenda, na akamshika mkono, na wakaongea muda mrefu mpaka wanaofagia wakatufikia.

Kwa hiyo niseme jambo linaloniuma hapa. Kiswahili sanifu, kile cha kwetu, na hata Kimvita chenyewe cha Mombasa, kwenye majukwaa ya Nairobi kinaonekana zaidi watoto wa shule wanapoletwa kutazama vitabu vya mtihani. Watu wazima wanachezewa kwa Kiingereza na Sheng, na michezo ya Kikikuyu nayo inajaza kumbi vizuri na nawapongeza sana kwa kupenda lugha yao. Sisi wenye lugha ambayo nchi nzima inaielewa tuko wapi? Pwani tuna waandishi, tuna washairi wa kumwaga, tuna watu ambao kwenye harusi wanatunga papo kwa papo mpaka asubuhi. Kundi moja tu la Mombasa au Lamu likipanda na treni na mchezo mzuri likaupiga pale wikendi moja, naamini watu watajaa, manake usiku ule nilisikia jinsi watu walivyokuwa wanafurahia kila Kiswahili kilipokuwa kitamu. Naliandika hili nikitumaini litamfikia mtu mwenye kundi.

Haya tule. Mchana wa siku ya mchezo tulikula Ranalo, watu wengi wanapaita K'Osewe, hapo Kimathi Street, chakula cha Kijaluo. Unaagiza samaki wa ngege mzima, wa kukaanga au wa mchuzi, na ugali wa wimbi na osuga, mboga ambayo kwetu tungeiita mnavu, imepikwa na maziwa mpaka ule uchungu umebaki kidogo tu wa kukupa hamu. Shangazi ni mtu wa samaki wa kupaka, wa nazi, na huwa hana imani na samaki wa maji baridi, aliingia na uso wa kusahihisha mitihani. Alimaliza. Alinyonya na kichwa. Hukumu yake ni kwamba nyama ya ngege ni laini na tamu ila inataka ndimu zaidi, na mimi naikubali, lakini ule ugali wa wimbi mimi naweza kula kila siku. Nawa mikono kula kwa mkono, usiombe uma.

Hapo hapo Kimathi Street ukitoka unakutana na sanamu ya Dedan Kimathi, bunduki mkononi, iliyozinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu wakoloni wamnyonge gereza la Kamiti. Tukiwa tumetoka kula na jioni tunakwenda kwenye ukumbi ule ule ambao mchezo wake ulihangaika kupata nafasi, kusimama pale kulikuwa na uzito wake. Ukiendelea mpaka Moi Avenue kuna sanamu ya Tom Mboya, yule waziri, karibu na alipopigwa risasi Julai 5, 1969, watu wanapita mbio hawaangalii, wauza soksi wamejipanga, na ng'ambo kidogo ndio National Archives. Ingieni humo! Kiingilio ni kidogo sana na watu wa Nairobi wenyewe wengi hawajawahi kuingia, hupatumia kama pahali pa kukutana tu, "tukutane Archives." Jengo lilikuwa benki zamani, na chini mmejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais, wa pili tangu uhuru, mwaka 1966 kwa miezi michache akajiuzulu. Vinyago, nguo, silaha, mapambo, kutoka Afrika nzima, vitu vya thamani kubwa vimepangwa kwa karibu karibu kabisa. Mtu aliyeacha kiti kikubwa vile akarudi kwenye vitabu vyake na vinyago vyake, mimi namheshimu sana.

KICC, ule mnara wa mikutano, tulipanda juu. Ghorofa 28, mita 105, ulikamilika 1973 na mwaka huo huo ukapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF, mara ya kwanza kufanyika Afrika, michoro ni ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik. Lifti inakufikisha karibu, halafu ngazi kidogo, halafu uko juu na upepo. Kusini unaona mbuga ya wanyama inavyoanza pale pale nyumba zinapoishia, magharibi vilima vya Ngong, chini yako Bunge na Uhuru Park. Kilimanjaro na Mlima Kenya wanasema vyote vinaonekana kukiwa kweupe, sisi tulipata mawingu. Nenda mchana mwishoni jua likiwa limelegea.

Jumapili asubuhi tukaenda makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni kuu, na ukitoka Mombasa kwa reli basi hapa usipakose. Reli ilianza kwetu Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na mji wenyewe ukazaliwa hapo, kabla yake palikuwa ni tambarare ya majimaji. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India na kama 2,500 kati yao hawakurudi makwao hai. Kwenye makumbusho kuna behewa ambalo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliliegesha Kima kule Ukambani Juni 1900 ili amvizie simba aliyekuwa anakula watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia ndani akamtoa kwa dirishani. Behewa lenyewe liko, unaweza kulisogelea ukapima dirisha kwa macho. Injini za mvuke ziko nje, kubwa, nyeusi, watoto wanapanda wanapiga picha, na shangazi akatafuta ile aina ambayo babake alikuwa akiisimulia.

Makumbusho ya taifa tulipita upesi sababu muda ulikuwa mchache. Ila mifupa ya yule kijana wa Turkana, ambayo kundi la Kamoya Kimeu liliigundua 1984, ya kama miaka milioni 1.5, simameni hapo msome vizuri. Na sanamu ya Ahmed yule ndovu wa Marsabit iko uani, na pembe zake zile ndefu, ndovu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya rais mpaka akafa mwenyewe 1974.

Chakula cha mwisho Eastleigh, mtaa wa Wasomali. Bariis, yaani wali wao, nyama ya ngamia, pilipili yao ya basbaas, na ndizi mbivu pembeni ambayo unaila pamoja na wali, usiiache mpaka mwisho kama tunda, kata kipande weka juu ya tonge. Sahani moja sisi wawili tulishindwa kumaliza tukafungiwa. Chai yao ina hiliki na mdalasini wa kutosha mpaka shangazi akasema sasa amefika nyumbani. Mitaa imejaa maduka kutoka chini mpaka juu, na ni pahali pa kufunga kibeti vizuri na kutembea polepole. Kurudi mjini tulipanda nganya moja, yaani matatu ya kisasa, yenye michoro kila pahali na muziki wa kukutikisa kifua, shangazi akaketi mbele kwa dereva akamuuliza maswali njia nzima kuhusu nani aliyeichora.

Kurudi tulichukua ile treni ya saa nne usiku. Nauli ya kawaida ni 1,500 na ya daraja la kwanza 4,500 tangu wapandishe 2024, unakata kwa *639# au kwenye mtandao wao, na ukiwa unataka wikendi au wakati shule zimefungwa usingoje wiki ya mwisho, viti huisha. Usiku ukitoka ukumbini chukua teksi mpaka hotelini hata kama ni karibu. Shangazi tayari ameniomba nimtazamie kila mwezi kinachochezwa Nairobi nimtumie kwa WhatsApp, na ameshaniambia kukitokea chochote cha Kiswahili nikate tiketi kabla hata ya kumuuliza. Kwa hiyo wenye habari za michezo inayokuja, Nairobi au hata hapa kwetu, nileteeni.